Safu ya 9 na magoti ya baba: tiketi yetu ya Michigan Stadium

Nyota moja, na ni ya wakala aliyetuuzia tiketi. Uwanja wenyewe sina ugomvi nao.

Baba alikuja kututembelea kutoka Morogoro. Ana sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Nikasema nimpeleke Ann Arbor, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, akaone mpira wa Kimarekani wa vyuo. Wakala ni Mswahili mwenzetu, nikamwambia mara tatu: mzee hawezi ngazi. Akajibu, "Dada, nimekupa safu ya 9, chini kabisa. Mzee hapandi hata ngazi moja." Nikalipa bila kuomba punguzo.

Anayeujua uwanja ule ameshaelewa. Fielding Yost, mkurugenzi wa michezo wa chuo aliyeujenga mwaka 1927, aliuchimbia ardhini. Unaingia getini usawa wa barabara, halafu sehemu kubwa ya bakuli iko chini ya miguu yako. Safu ya chini ndiyo ya mbali kuliko zote! Nilihesabu ngazi hadi hamsini nikaacha, maana baba alikuwa amenishika bega, anashusha mguu, anapumzika, anashusha wa pili. Waliokuwa nyuma yetu walisubiri bila kunung'unika, Mungu awabariki. Nikampigia wakala palepale. "Ngazi ni mazoezi, dada." Kwa mzee wa watu!

Kazi yake ni kuuza tiketi, angeujua uwanja. Ulianza na viti 72,000, ila Yost aliweka misingi ya kubeba zaidi ya laki moja, na mwaka 1956 ukafika 101,001. Ukarabati uliokamilika 2010 ukaongeza majengo marefu pande mbili, ukapanua vijia na kuweka vishikio vya mikono. Vishikio hivyo ndivyo vilivyomwokoa baba, si wakala.

Lakini niseme ukweli: tulipokaa, hasira ilinitoka. Wachezaji walikuwa karibu hadi mvuke wa pumzi zao tukauona. Baba akauliza uwanja unachukua watu wangapi. 107,601, nikamwambia. "Na huyo mmoja?" Nikamweleza kwamba kile kiti kimoja cha mwisho ni cha heshima ya Fritz Crisler, kocha wa zamani, na hakuna ajuaye kiko wapi. Baba akapapasa benchi la alumini kushoto kwake, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni. Sijamwona na furaha ile tangu mama afariki. Nikawaza, basi nimpe wakala nyota tatu, hata nne, maana bila kosa lake tusingekaa pale.

Halafu mchezo ukaisha, tukageuka, tukatazama juu.

Sitaki kueleza kupanda kule. Uwanja ulibaki mtupu, sisi bado tumo njiani, baba ameketi kwenye benchi la watu anajikanda goti, ananiomba radhi. Ananiomba radhi mimi! Siku mbili zilizofuata hakutoka kitandani.

Hata hiyo nyota moja naiondoa. Na hadi leo wakala hajapiga simu kumjulia hali mzee.