Sakses kadi za Nairobi: ipi inamfaa mtoto aliyependa kwa mara ya kwanza

Oktoba ikiingia, katikati ya jiji la Nairobi hujaa kadi za kuwatakia watahiniwa heri njema. Wauzaji wa jumla wako upande wa River Road; wa rejareja huzitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023 lakini kadi hazikuondoka nayo: sasa ni za mitihani ya KPSEA ya gredi ya 6, KJSEA ya gredi ya 9, na KCSE ya kumaliza sekondari. Wazazi na mashangazi hununua kwa sababu inayojulikana. Wako wanunuzi wengine, wa miaka 11 au 12, ambao shida yao si mtihani. Kadi hii ndiyo barua pekee ambayo mvulana wa gredi ya 6 anaweza kumpa msichana wa deski la mbele bila darasa zima kupiga vigelegele, maana kisingizio kimechapishwa tayari kwenye jalada. Hapa zinapimwa kwa kazi hiyo.

Watoto hukimbilia ya muziki, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Nyuma ya ukurasa wa kulia kuna mfuko uliogundishwa. Ndani yake mna kibao chembamba chenye tone jeusi lililofunika chipu, kispika bapa cha ukubwa wa sarafu, na betri moja hadi tatu zinazotoshana na kifungo cha shati. Swichi ni ulimi wa plastiki tu. Kadi ikifungwa, ulimi hukaa katikati ya vyuma viwili. Ikifunguliwa, ulimi huvutika, vyuma hugusana, wimbo unaanza. Tatizo ni kwamba ulimi huo umeshikwa na utepe wa gundi kwenye mkunjo. Ukiibana kadi begini kati ya kitabu cha Hisabati na chupa ya maji, mkunjo hupinda, ulimi huteleza milimita mbili tatu, na begi linaanza kuimba katikati ya kipindi. Kuifunga vizuri hakusaidii, maana ulimi umekwisha kutoka mahali pake. Aliyepanga kuitoa kimya kimya saa ya mapumziko sasa anatazamwa na macho mia, ya mwalimu yakiwa ya kwanza.

Kama mtoto hasikii la mtu, itengenezwe kabla ya kutoka nyumbani. Inua ukingo wa mfuko kwa ncha ya rula. Wembe hukata nyaya, nazo ni nyembamba kama unywele. Kata kijikaratasi cha upana wa sentimita moja na urefu wa tano, kichomeke kati ya betri na chuma kinachoigusa, acha mkia utokeze nje ya mfuko, kisha bandika ukingo tena. Mpokeaji atauvuta mwenyewe akiwa mahali anapotaka. Kabla ya kulipa, sikiliza wimbo hadi mwisho: kadi iliyofunguliwa na kila mpita njia, au iliyobaki dukani tangu mwaka jana, huvuta sauti kama kanda iliyolowa.

Halafu kuna betri zenyewe. Kadi ikishazeeka, mdogo wa nyumbani huichana atafute kinachoimba. Betri ya kifungo ikikwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Asitapishwe, apelekwe hospitali papo hapo. Wimbo ukiisha, toa betri.

Zile kubwa za kukaa mezani kama picha ya harusi hazihitaji maneno mengi. Haziingii begini, zikikunjwa hubaki na kovu, na ndani ya matatu kila abiria anazisoma.

Inayofaa ni ile ndogo, isiyong'aa ndani, yenye bahasha yake. Bei hutegemea mdomo wa mnunuzi, ila kwa kawaida haifiki nusu ya ile ya muziki. Ijaribu kwa kidole kilicholowa kidogo: karatasi ikinyonya maji, itashika wino. Ndani ikiwa imepakwa vanishi, kalamu ya kawaida itaruka herufi na ya jeli itapakaa kwenye ukurasa wa pili. Ikibidi kuandikia humo, iachwe wazi robo saa kabla ya kufungwa. Zenye vumbi la kumetameta ziepukwe. Vumbi hilo hubaki kwenye sweta ya shule na kueleza kila kitu kabla ya kadi kufika.

Maneno yenyewe yawe mawili matatu. Tangu 2016, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku ziara na siku za maombi muhula wa tatu, shule nyingi hukodolea macho kila kinachoingia, kwa hiyo bahasha inaweza kufunguliwa na mwalimu kwanza. “Heri njema. Usisahau rula, ukisahau mimi nina mbili” inapita ukaguzi wowote, na mwenye kuelewa ataelewa. Ubeti wa mapenzi haupiti.

Kosa la mwisho huwa kwenye sahihi. Wengi huona haya, wakaandika herufi moja tu, “B.” Darasa la watoto hamsini lina akina Brian watatu na Benson mmoja.