Nyumba ya makumbusho Lamu ni nzuri, lakini msimfuate mtembeza wageni wa gatini

Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu, leo nalitoa.

Ilikuwa mwaka jana, kabla kidogo ya Ramadhani. Nilimleta mama mkubwa kwa boti kutoka Mtangawanda, kisiwani Pate, mpaka Lamu. Haja yake ilikuwa moja tu: aione siwa ya Pate, lile baragumu la kifalme, macho yake yakingali yanaona. Hatujashuka vizuri gatini, kijana mmoja akatudaka, akatuunga na wazungu wanne na kutoza pesa kamili kwa kila kichwa, hata kwa mama mkubwa. Nikalipa.

Nyumba yenyewe mnaijua, ile nyeupe yenye varanda ya matao inayotazama bahari, ambayo sasa ni makumbusho. Hata ndani hatujaingia, kijana akawatangazia wageni wake, "Gavana wa Kenya alikuwa akilala hapa." Gavana gani? Gavana wa Kenya jumba lake lilikuwa Nairobi. Hapa walikaa maofisa wa Kiingereza waliotawala Lamu, DC (mkuu wa wilaya) baada ya DC, mpaka uhuru ukaja 1963. Nikanyamaza, nisimharibie mama mkubwa siku yake.

Tukafika kwenye siwa. Ya Lamu ni ya shaba. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya karne ya 17, na urefu wake unampita mama mkubwa akisimama. Haipulizwi nchani kama tarumbeta, ina tundu ubavuni. Mama mkubwa akasogeza uso mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akaanza kunisimulia, kwa sauti ya chini kabisa, jinsi Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Pate, alivyonyimwa siwa alipotaka kumpasha tohara mwanawe, akaamrisha achongewe yake mwenyewe. Kisa hicho alikipokea kwa bibi yake.

"We bibi, kaa kando. Watu wamelipa hapa."

Hivyo ndivyo alivyosema! Mama mkubwa akamjibu, "Mwanangu, mimi mtu wa Pate, siwa hii ni ya kwetu." Kijana hata hakugeuka. Wala "shikamoo" tangu asubuhi hakuitoa. Mzee wa watu akarudi nyuma hatua mbili, akajifunika buibui vizuri, akanyamaza kimya. Mimi nilikuwa natetemeka.

Wakati ule ningewaambia nyote msikanyage pale. Lakini nitakuwa mwongo, maana kundi lilipotoka, mzee mmoja aliyekuwa akifagia varanda alikuja na kiti, akamwamkia mama mkubwa na kumwomba akianze kisa upya. Akasikiliza mpaka mwisho, ufagio mkononi. Tukautazama na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, kisicho na msumari hata mmoja, naye mama mkubwa akatutajia watu wa kwao waliokuwa mabaharia. Kwa hiyo nendeni. Nendeni wenyewe, lipeni mlangoni, na wazee wenu wachukueni. Yule kijana mimi sijamsamehe, na pesa yangu hakurudisha.

Tulipokuwa tunateremka ngazi, mama mkubwa akanishika mkono. "Kesho wafungua saa ngapi?"