Mla mwani wa tangi la diskasi: nani ununue, nani umwache dukani

Diskasi (samaki wa mapambo) wangu wawili wa mwanzo waliumizwa na samaki niliyemnunua mwenyewe ili atusaidie kula mwani. Kijana aliyeniuzia alinionyesha pleko, samaki wa mdomo wa kunyonya, wa urefu wa kidole gumba akasema, "Kaka, huyu hakui, na tangi lote atalisafisha." Ndani ya mwaka alikuwa ameshapita kiganja cha mkono. Mimea aling'oa, na kila asubuhi nilikuta madoa meupe ya duara kwenye mbavu za diskasi. Usiku mmoja niliamka saa nane nikamulika tochi, nikamkuta amemganda mmoja ubavuni, ananyonya.

Sababu iko kwenye mwili wa diskasi mwenyewe. Ni samaki bapa kama sahani, usiku hutulia mahali pamoja, na ngozi yake ina ute mzito. Ute huo ni chakula kamili: vifaranga vya diskasi huula kutoka ubavuni mwa wazazi wao siku zao za mwanzo. Samaki wa mdomo wa kunyonya akishauonja, kumwachisha ni kazi. Ndiyo maana nawapanga wala mwani kwa mambo matatu, na kula mwani nakuweka mwisho. Kwanza amwache diskasi kwa amani. Pili avumilie maji ya nyuzi 28 na zaidi. Kisha ndipo tuangalie anachokula.

Kuhusu joto, diskasi wanapenda nyuzi 28 hadi 30. Kwa tangi lenye mimea mimi naweka hita kwenye 28 na siongezi, kwa kuwa juu ya hapo wala mwani wengi na mimea mingi huanza kuteseka. Hita ni ya lazima hata Mwanza. Mchana hapa tunatoka jasho, lakini usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 20.

Nambari moja: pleko mwenye ndevu

Jina lake la kisayansi ni Ancistrus. Ukiwa na fedha ya samaki mmoja tu, nunua huyu. Huishia sentimita 12 hadi 15, nyuzi 28 au 29 hazimsumbui, na husugua kioo, magogo na majani mapana ya mmea wa anubiasi bila kuchoka. Sijawahi kumwona akimgusa diskasi akiwa ameshiba, na hapo neno kubwa ni kushiba. Wengi humwacha ajitafutie, mwani ukiisha anaanza kukwangua majani ya mmea wa upanga wa Amazoni hadi yanabaki matundu. Mpe kipande cha tango au mchicha uliochovywa maji ya moto mara mbili kwa wiki, jioni, na uutoe asubuhi kabla haujaoza. Mwekee pia gogo, kwa sababu hukwangua mti kama sehemu ya chakula chake. Usiweke madume wawili kwenye tangi dogo, watapigana.

Shida ni kumtambua akiwa mdogo, wakati ndevu bado hazijaota, na jike hukua bila ndevu za maana. Tazama pezi la mgongoni. Pleko wa kawaida wa jenasi ya Pterygoplichthys ana pezi refu lililosimama kama tanga la mtumbwi, lenye vijiti 10 au zaidi. Mwenye ndevu ana pezi dogo la vijiti saba hivi, na kichwa kipana kilichobanwa. Mwombe muuzaji amweke kwenye chombo cha kioo, uhesabu. Akikataa, ondoka.

Nambari mbili: oto

Otocinclus ni samaki wa sentimita nne hivi, wa Amerika Kusini kama diskasi. Kwa mimea yenye majani membamba hana mpinzani: anapita juu ya jani na kuondoa utando wa kahawia na wa kijani bila kulichana. Ningempa nafasi ya kwanza kama asingekuwa dhaifu hivi. Wengi wao hukamatwa mitoni porini na hufika dukani wakiwa na njaa ya siku nyingi. Mwangalie kwa chini: tumbo liwe la mviringo. Lililobonyea, mwache, hata akipunguzwa bei. Waliofika jana msiwachukue leo. Subirini wiki mbili, watakaobaki hai ndio wa kununua.

Nunua sita au zaidi, na uwaweke kwenye tangi lililokaa miezi mitatu au minne, lenye utando wa kula. Kwenye tangi jipya linalong'aa watakufa kwa njaa, na oto mwenye njaa naye anaweza kujaribu ute wa diskasi. Nyuzi 28 ndio mwisho wao.

Nambari tatu: mla mwani wa Siam

Huyu ni wa kazi moja: mwani mweusi wa manyoya unaoganda kwenye kingo za majani, ambao wenzake wote hauwahusu. Kama huna mwani huo, mpite. Hufika sentimita 15, hana utulivu, na akishazoea chakula cha diskasi anasahau mwani kabisa na kuwawahi wenyeji mezani. Diskasi hula taratibu, kwa hiyo watalala njaa.

Wa kweli ana mstari mweusi unaopita hadi ndani ya mkia, na mapezi yake hayana rangi. Mwenye mapezi yenye ncha nyeusi na nyeupe ni samaki mwingine, mkorofi zaidi.

Wasio samaki

Konokono wa nerita hula mwani wa kioo vizuri sana na hazaliani kwenye maji yasiyo na chumvi. Lakini diskasi wanataka maji laini yenye asidi kidogo, na humo gamba la konokono huliwa taratibu. Uduvi wa Amano ni hodari, ila nyuzi 28 ni nyingi kwake, na mdogo ataingia kinywani mwa diskasi. Uduvi wadogo wekundu msihangaike nao, ni vitafunwa.

Wa kuacha dukani

Mla mwani wa Kichina, hasa yule wa rangi ya dhahabu anayevutia watoto. Huanza mpole, hukua hadi sentimita 28, kisha hugeukia ubavu wa diskasi. Pleko wa kawaida nimeshamweleza.

Wa tatu ni furu wetu, samaki wa Ziwa Victoria. Nimeulizwa mara nyingi: miamba ya Ghuba ya Mwanza ina furu wa jenasi ya Neochromis wanaokwangua mwani kwa meno, kwa nini tununue wa ng'ambo? Ni samaki wazuri, na kuwaona wakila juu ya jiwe ni raha. Lakini furu hulinda eneo lake kwa kupigana, na diskasi ni samaki wa woga. Mkamate furu leo, kesho diskasi wamejibana pembeni na wameacha kula. Kuna pia vimelea vya porini. Mtengenezee furu tangi lake peke yake.

Kabla hujatoa fedha

Mwani wa kibluu-kijani unaotanda kama ngozi na kunuka hauna samaki anayeufanyia kazi. Ule mwingine hulishwa na mwanga na mabaki, nasi wafuga diskasi tunalisha mno, hasa wanaotumia moyo wa ng'ombe. Nilipopunguza muda wa taa kuwaka kwa siku, kutoka saa kumi kamili za mwanga hadi saba tu, nikahamisha tangi mbali na dirisha na kubadilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki, nilihitaji pleko mmoja badala ya watatu. Ukitumia maji ya bomba, yatoe klorini kwanza.

Samaki wanaoagizwa Dar es Salaam kwa basi hupita zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya mfuko. Ukimpokea, mweke kwenye tangi la pembeni wiki tatu hadi nne. Akikua kupita kiasi, mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimpeleke ziwani, hata mmoja. Ziwa hili limeshabeba sangara na magugu maji, vyote vililetwa kutoka mbali, na furu wengi walitoweka machoni petu.

Na wiki mbili za kwanza baada ya kumwingiza kwenye tangi kubwa, amka usiku na tochi. Ukikuta doa la duara ubavuni mwa diskasi, mtoe mgeni usiku huohuo.