Unga wa Mkate Usio na Gluteni: Laini, Lakini Madini Haba

Unga huu wa mchele na muhogo, unaokusudiwa wagonjwa wa seliaki (maradhi ambayo gluteni, protini ya ngano na nafaka kama shayiri, huharibu utumbo mwembamba), hutoa mkate laini usiomomonyoka, jambo adimu kwa bidhaa zisizo na gluteni. Dosari imo kwenye lebo: haukuongezwa madini ya chuma wala asidi ya foliki (vitamini B9), ilhali sheria ya Kenya imetaka unga wa ngano wa viwandani uongezwe virutubisho hivyo tangu 2012. Kwa mtu ambaye utumbo wake mwembamba umeharibika, hasa sehemu ya juu inayofyonza chuma, pengo hilo si dogo. Bei nayo, kusema kweli, inauma. Nitaununua kwa mkate wa Jumapili tu. Uji wa kila siku utabaki wa ulezi, wenye zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa gramu 100, uliosagwa kwenye mashine isiyosaga ngano.