Safari ya "Wachina wa Siyu": inafaa, lakini ulizeni maji kwanza

Gatini Lamu kuna manahodha wanaouza safari ya siku moja wanayoiita ya Wachina: mlango-bahari wa Mkanda, mji wa Siyu kisiwani Pate, mahame ya Shanga kisiwani humohumo, kisha kurudi. Inafaa pesa yake siku za bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mkanda wenyewe hupitika maji yakijaa, na hori la Siyu, mikoko pande zote, ni gumu zaidi. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, boti hukwama topeni. Siku hizo ni afadhali kushukia Mtangawanda, gati la Pate, na kupanda pikipiki. Nahodha anayeahidi kuwafikisha Siyu kwa boti siku yoyote, saa yoyote, mpiteni.

Siyu ndiko penye utamu. Kuna familia zinazosimulia kuwa wazee wao walikuwa mabaharia wa Kichina, chombo kikavunjika mwambani, wakasilimu na kuoa humohumo. Mwaka 2005 binti mmoja wa kisiwani alipelekwa China kusomea udaktari kwa ajili ya nasaba hiyo. Masimulizi haya yasikilizeni kwa mzee wa Siyu. Ya kijana wa gatini yana chumvi nyingi.

Chumvi yenyewe ni hii: eti jina la Shanga limetoka Shanghai ya China. Wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta Shanga msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa wa karne ya 8. Merikebu za Zheng He, amiri wa majini wa China, zilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15. Mji ungekaaje miaka mia sita ukingoja jina?

Wala gae la Kichina mchangani si ushahidi kwamba Mchina aliishi pale. Vyombo vya kauri vililetwa na wafanyabiashara wa Ghuba na Bara Hindi karne nyingi kabla ya Zheng He. Gae la kijani cha zaituni, rangi nzito inayong'aa, huenda ni la matanuri ya Longquan, China. Magae yenye maua ya buluu kwa kawaida ni ya baadaye. Tazameni, msitie mfukoni: sheria inakataza.

Kasoro kubwa ni muda. Siyu hadi Shanga kwa miguu ni kama saa nzima, jua kali, na maji hayangoji. Bebeni maji ya kunywa, vaeni viatu vilivyofunika vidole, na mkubaliane mapema kama bei ina mafuta na kiongozi wa Siyu. Nahodha akipiga simu, hata kama hamjafika kwenye kaburi la mnara la Shanga, geukeni.