Mapitio: Mauser 71, bunduki ya askari wa Mjerumani

Toleo tunalolipitia ni lile fupi, Jägerbüchse 71, ambalo Wajerumani waliwakabidhi askari wao wa Afrika Mashariki tangu miaka ya mwanzo. Vita vya 1914 vilipozuka, kompania nyingi kati ya 14 za jeshi lao zilikuwa bado nalo. Urefu wake ni mita 1.24 hivi, uzito karibu kilo 4.5 bila singe. Magazini hakuna. Unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, unatumbukiza risasi moja, unasukuma, unaulaza, unapiga, halafu unaanza upya.

Chuma chake ni kizuri, hilo tukiri mapema. Bolti ni nene, sehemu ni chache, na ombasha (koplo) anaweza kumfundisha kuruta kuifungua na kuisafisha bila kitabu. Kichwa cha risasi yake, milimita 11, gramu 25 za madini ya risasi tupu, kikimpata mtu hainuki.

Kasoro iko kwenye ganda. Bolti hulivuta kutoka kwenye chemba lakini hailitupi nje. Linabaki limelala pale pale, na askari lazima aipindue bunduki ubavu ili lidondoke. Kwenye uwanja wa gwaride hayo ni mazoea tu. Porini hesabu ni nyingine: askari mzoefu anahitaji sekunde tano hivi kwa kila risasi, na mtu anayekimbia na mkuki humaliza hatua 30 kwa muda huohuo.

Lugalo, Uhehe, 17 Agosti 1891, hesabu hiyo ililipwa kwa damu. Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye watu walimpachika jina la Nyundo, alipitisha msafara wake kwenye njia nyembamba, mtu nyuma ya mtu, mizinga ikiwa juu ya punda, bila walinzi wa ubavuni. Wahehe walikuwa wamejilaza kwenye nyasi na vichaka kando ya njia. Askari wengi walipata nafasi ya kupiga mara moja au mbili, kisha mikuki ikawa katikati yao. Kwa dakika chache Wazungu 10 walikuwa wamekufa, Zelewski mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya 200, na bunduki zipatazo 300 zikawa za Mkwawa. Ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu kamanda. Lakini hata kamanda makini, akiwa na silaha hii, anahitaji walinzi pembeni, bunduki zilizojazwa tayari, na uwazi wa kupigia mbele yake. Nyasi zikifika kiunoni, nusu ya thamani yake imeshapotea.

Walioitoa waliijua dosari hiyo. Gavana wa Kijerumani, von Schele, alipofika Kalenga, makao ya Mkwawa, Oktoba 1894, aliipiga ngome kwa mizinga kwanza ndipo akapandisha askari ukutani, tarehe 30. Baadaye ikaja kazi ya boma, doria, na kuchoma vyakula, mbinu iliyorudi kwa ukatili mkubwa zaidi kusini wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Njaa haihitaji shabaha.

Na zile 300 za Lugalo? Hapa mnunuzi aelewe jambo ambalo halionekani dukani. Gobore hula baruti yoyote na kokoto ukipenda. Mauser 71 inadai risasi yake tu, yenye ganda la shaba nyeupe lililotengenezwa kiwandani, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umewafungia Waafrika mlango wa silaha za namna hiyo na risasi zake, huku magobore yakiachwa wazi. Mataifa yaliyokuwa yakigombea mipaka usiku na mchana yalikubaliana hapo bila shida. Kwa hiyo Wahehe walikuwa na bunduki nyingi, wapigaji wachache, na akiba isiyojazwa.

Uzito nao tusiusahau. Risasi 100 zina kilo 4 na ushei. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 27 anabeba kama 600, basi.

Tatizo kubwa zaidi ni baruti yake nyeusi, inayotoa moshi mwingi. Wafaransa walileta bunduki ya Lebel isiyo na moshi mwaka 1886, Wajerumani wakajibu na Gewehr 88, na 71 zilizokuwa zimejaa maghalani Ulaya zikaonekana zinatosha kwa makoloni. Dhidi ya mikuki, moshi si kitu. Mwaka 1914 adui, Mwingereza, alikuwa na Lee-Enfield ya risasi kumi isiyo na moshi, na kila askari wa 71 aliyefyatua alijitangaza kwa wingu jeupe juu ya kichwa. Masizi yake hunyonya unyevunyevu pia: mtutu usipooshwa kwa maji, ukakaushwa na kupakwa mafuta siku hiyohiyo, kutu huingia upesi, hasa pwani.

Ndiyo maana ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa pia siku ya kubadilisha silaha. Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, bunduki za kisasa zilizotekwa zilitosha kompania tatu, na risasi zilifika 600,000. Januari 1915, mapambano ya Jasini yakala risasi 200,000 kwa siku mbili. Baada ya hapo akaacha mapambano makubwa, akatuma doria ndogo kulipua reli ya Uganda na kuishi kwa kuteka.

Alama zetu: nne kati ya tano kwa uimara, mbili kwa mwendo wa kupiga, moja kwa moshi. Kwa ulinzi wa boma lenye uwanja uliofyekwa mita 200, inafaa. Kwa msafara porini, hapana. Novemba 1917, baada ya kuvuka Ruvuma na kuteka ngome ya Wareno ya Ngomano, Lettow-Vorbeck alipata risasi robo milioni na bunduki za kutosha kuwapa nusu ya kikosi chake, na 71 zikaanza kuwekwa kando.