Bajeti ya halmashauri kama huduma: kuuliza wanajua, kujibu bado

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala dirisha la malipo, lakini kila anayeuza gunia la mahindi, anayekata leseni ya biashara au anayelipia meza sokoni huichangia. Ni kazi ya halmashauri ya wilaya ya kukusanya vipaumbele vya wananchi, kuvigeuza kuwa mpango na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, kisha kurudi kwa wananchi hao hao kueleza kilichopatikana na kilichotumika. Halmashauri yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumchongea mkurugenzi yeyote, bali kupima huduma kwa jicho la mkazi aliyeketi kwenye mikutano yake na kukisoma kitabu chake cha bajeti.

Hatua ya kwanza, yaani ya kuwauliza wananchi wanataka nini, imefanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao halmashauri za Tanzania zimeutumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, unataka mpango uanzie kijijini na mtaani, na wawezeshaji waliokuja kwetu walikuwa wanaijua kazi yao. Hawakuanza na hotuba. Waliwatenga wanawake, wanaume na vijana katika makundi, wakawapa kila kundi bango kitita na kalamu, kisha wakaonyesha mbele ya mkutano jinsi orodha zilivyotofautiana: kundi la wanawake lilianza na maji na zahanati, la wanaume likaanza na barabara ya kutolea mazao. Baadaye vipaumbele vilishindanishwa viwili viwili kwa kunyoosha mikono, jambo linalochosha lakini linalomnyima mzungumzaji hodari nafasi ya kuubeba mkutano peke yake. Muhtasari ulisomwa papo hapo na mtendaji wa kijiji akaugonga muhuri.

Tatizo linaanza pale pale, kabla karatasi haijatoka kijijini. Katika vipaumbele vilivyoshika nafasi za juu, viwili vilikuwa barabara na maji, na hakuna mtu aliyewaambia wananchi kwamba vyote viwili kwa kiasi kikubwa havimo mikononi mwa halmashauri. Barabara za wilaya zilihamia kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini yakakabidhiwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, mwaka 2019. Wakala hizi zina bajeti zao, mameneja wao na taratibu zao. Baraza la madiwani linaweza kuwaita, kuwasikiliza na kuwabana kwa maswali, ila haliwezi kuchukua kalamu na kuliandikia daraja fedha kama lilivyokuwa likifanya zamani. Mwananchi aliyenyoosha mkono kwa ajili ya barabara amepiga kura katika sanduku lisilo lake, na mwaka unaofuata atarudi kulalamika kwamba diwani amemdanganya. Ingetosha mwezeshaji kugawa bango lake sehemu mbili, upande mmoja yale ambayo halmashauri inaweza kuyatekeleza yenyewe na upande wa pili yale ya kupeleka kwa wakala, kisha meneja wa wakala au mwakilishi wake akaalikwa kuusikia upande wake. Hili halihitaji sheria mpya wala senti moja, na kutofanyika kwake ndiko kulikonifanya niishushe alama hatua ambayo vinginevyo ilistahili sifa.

Kutoka kijijini orodha hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na hatimaye Baraza la Madiwani. Baada ya hapo kuna mkoa, Ofisi ya Rais inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI) na Bunge. Njia ni ndefu na inaeleweka kwa nini iwe ndefu, maana mahitaji ya vijiji vyote vya wilaya hayawezi kuingia katika mfuko mmoja. Kinachokera ni mpangilio wa nyakati. Mwongozo wa bajeti na ukomo wa fedha hutoka serikalini, na unapofika halmashauri, wataalamu hulazimika kukata haraka ili waingie katika ukomo huo. Kukata kwenyewe hufanyika ofisini, kwa siku chache, na mwananchi hapewi sababu. Kijiji chetu kilipeleka vipaumbele kadhaa. Katika kitabu nilichokisoma kimoja kiliingia, vingine havikuonekana, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa kueleza kama vimekataliwa, vimeahirishwa au vimepelekwa kwingine.

Kuhusu kitabu chenyewe, niseme wazi kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa kompyuta kwanza na msomaji baadaye. Halmashauri huandaa mipango yake katika mfumo wa PlanRep, na ripoti inayotoka humo hujaa namba za kasma, yaani vifungu vya matumizi, malengo yaliyoandikwa kwa herufi na majina ya shughuli yaliyokatwa katikati kwa sababu kisanduku kimejaa. Mhasibu ataona raha. Mjumbe wa serikali ya kijiji atafungua kurasa mbili na kukirudisha. Muhtasari uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ulikuwa na nia njema, lakini ubao huo una wavu na kufuli, maandishi ni madogo, na karatasi ilikuwa imebandikwa juu zaidi ya kimo cha mtu wa kawaida, kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa nami aliniomba nimsomee safu ya mwisho. Safu hiyo ilikuwa ndiyo muhimu kuliko zote, maana ilionyesha makusanyo halisi yakilinganishwa na makisio.

Hapa kwenye mapato nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi huilaumu halmashauri kama kwamba ina hazina iliyofichwa. Uhuru wa halmashauri wa kuamua hupatikana zaidi katika mapato ya ndani, na vyanzo hivyo vimepunguzwa mara kwa mara na maamuzi ya juu. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na tozo nyingi za kero. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililompa mkulima nafuu ya kweli na kuziachia halmashauri za vijijini pengo. Kodi ya majengo nayo ilitolewa ikapewa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Kilichobaki ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, leseni, ushuru wa mazao, masoko, stendi, machinjio na vibali. Fedha za mishahara na sehemu kubwa ya miradi hutoka Serikali Kuu zikiwa tayari zimeandikiwa kazi yake. Kwa hiyo nafasi halisi ya madiwani kubishana ni nyembamba, na mtu akilielewa hilo ataacha kuuliza fedha zote zimekwenda wapi na ataanza kuuliza fedha za mapato ya ndani zimekwenda wapi, swali ambalo mhasibu hawezi kulikwepa.

Katika ukusanyaji naipongeza halmashauri. Mashine za kukusanyia zimeondoa vitabu vya stakabadhi vilivyokuwa na tabia ya kupotea, na malipo kwa namba ya kumbukumbu yamepunguza mikono inayoshika fedha taslimu. Kasoro ni kwamba mtandao ukikatika getini, magari ya mazao hupanga foleni, na wakati mwingine mkusanyaji huamua mwenyewe namna ya kuendelea. Hapo ndipo upotevu unapopata mlango.

Sehemu iliyoniumiza zaidi ni ya maboma, yaani majengo ya umma yaliyoanzishwa na hayajamalizika. Wananchi hujenga kuta kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, serikali huahidi kumalizia, na kwa muda mrefu kiwango kilichozoeleka kimekuwa shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa na milioni 50 kwa boma la zahanati. Ni mpango wenye mantiki, na penye usimamizi umezaa majengo mengi. Lakini boma la zahanati katika kijiji jirani na chetu limekuwa likiandikwa katika bajeti, likikosa fedha, na kuandikwa tena mwaka unaofuata kwa maneno yale yale, wakati matofali ya juu yameanza kumeguka kwa mvua. Waliolichangia walitoa mchanga, mawe, maji na siku zao za kazi, na mchango huo haupo popote kwenye kitabu. Mpango uliotaka kuheshimu nguvu za wananchi ungeanza kwa kuzithamini kwa shilingi na kuziandika, kisha kuzuia boma jipya lisianzishwe kabla la zamani halijaezekwa. Linganisha na madarasa ya mwaka 2021 yaliyojengwa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa shilingi milioni 20 kila darasa: fedha zilifika kwanza, kamati za shule zikasimamia, na majengo yakaisha. Pale fedha ilipotangulia ahadi, mafundi na kamati hawakuwa na la kusingizia.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo sura ya bajeti ambayo mwananchi huiona kwa macho: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko juu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Maofisa wa maendeleo ya jamii niliowaona walikuwa wavumilivu na walieleza masharti kwa lugha nyepesi. Ila kujaza maombi kupitia mfumo wa mtandaoni kumewafungulia kazi vijana wenye simu janja wanaowatoza akina mama fedha kwa ajili ya fomu isiyo na gharama, na halmashauri ingeweza kulimaliza hilo kwa kuweka siku maalumu za kujaza fomu katika ofisi ya kata.

Kwa upande wa kutoa hesabu, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka, na katika kijiji chetu husomwa, ingawa kwa kasi ya mtu anayewahi basi. Wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupita kila mwaka, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi. Viongozi wetu hupenda kutangaza hati safi. Wakumbushwe kwamba hati safi inasema vitabu vimeandikwa kwa mujibu wa viwango, haisemi kwamba zahanati imeezekwa.

Anayetaka kuitumia huduma hii na kupata kitu asisubiri kikao cha madiwani cha kupitisha bajeti, kwa sababu siku hiyo mambo yamekwisha kuiva. Aende kwenye mkutano wa kijiji wa kuibua vipaumbele, kisha amfuate diwani kabla Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango haijakaa, akiwa na ombi moja lenye makadirio ya gharama na picha ya boma. Ombi lisipoonekana kitabuni, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa nafasi ya kuuliza sababu kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ipelekwe masijala ikiwa na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa.